Dodoso lina mwenyewe

Mlango wa mabati uliokuwa mbele yangu pale Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ulikuwa na namba tatu tayari. Moja ya chaki, imefifia hata huwezi kujua kama ni sita au nane. Moja ya wino mzito, iliyoachwa na karani wa sensa ya 2019. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya buluu, na hakuna mtu kwenye ploti ile aliyekumbuka iliwekwa na mradi gani. Mimi nilikuja kuweka ya nne. Shosho aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua sukuma alinitazama nikitoa chaki mfukoni, akaniuliza: "Kijana wangu, hiyo yako ni ya kujenga ama ya kubomoa?"

Hakuwa anatania. Mwishoni mwa 2021, mwaka mmoja hivi kabla ya siku hiyo, matingatinga yalikuwa yamepita jirani, Mukuru kwa Njenga, kupisha barabara, na maelfu ya familia zikalala nje. Nairobi nzima inajua kwamba ubomoaji huanza kwa alama. Mtu usiyemjua anakuja na kopo la rangi nyekundu, anakuwekea X ukutani, anakwenda zake. Sasa mtu mwingine usiyemjua amekuja na chaki na tableti, anasema anafanya utafiti wa afya kwa maendeleo ya jamii. Ukiwa umeketi kwenye kigoda kile, utawatofautishaje?

Nimehoji watu mlango kwa mlango kwa miaka kadhaa katika mitaa ya mabanda ya jiji hili, kwa miradi ya watu mbalimbali, na swali la shosho yule limenisumbua kuliko semina zote za maadili nilizokalishwa. Kwa maoni yangu, utafiti wa jamii Nairobi haupungukiwi na takwimu, na fomu za idhini tunazo hadi za kufungia maandazi. Kinachopungua ni jibu la jambo ambalo halimo kwenye dodoso lolote: maswali haya ni ya nani, na majibu yakishakusanywa yanakwenda kukaa wapi?

Tazama lugha yenyewe kwanza. Maswali yetu mengi huandikwa kwa Kiingereza, yakatafsiriwa ofisini, kisha nikayasoma mimi mlangoni. "Mkuu wa kaya ni nani?" Nimelisema hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kumjulia mama yangu hali. Mama mmoja aliniambia mkuu anayemjua yeye ni wa shule. Jirani yake, Mgiriama, alicheka hata zaidi: kwao kaya ni msitu wa wazee, mahali pa matambiko, hupiki humo kwa jiko la makaa. Nikajaribu kurekebisha kwa kusema "mwenye nyumba", na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana Nairobi mwenye nyumba ni landilodi. Mwishowe nikajaza jina la mume, ambaye alikuwa Eldoret na hajatuma hata shilingi tangu Pasaka. Tableti ikakubali, ikanipeleka swali la pili.

Swali la choo lilikuwa na orodha ya majibu ya kuchagua, kuanzia choo cha kuvuta maji, choo cha shimo chenye sakafu ya simiti, hadi kichakani. Halikuwa na nafasi ya kuandika kile ambacho kila mwanamke wa ploti ile aliniambia bila kuulizwa: choo kipo, ni cha kulipia shilingi kumi, ni kisafi, na hufungwa saa tatu usiku. Kwenye takwimu zetu, wanawake hao wote wana choo bora. Baada ya saa tatu wana ndoo. Aliyetunga swali alitaka kujua kuhusu sakafu. Wao walitaka mtu aulize kuhusu kufuli.

Hapa msomaji anaweza kudhani naponda watafiti kutoka nje ya mtaa. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa uongo. Mwaka 2000, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, chenye makao hapa Nairobi, kilifanya uchunguzi wa mitaa ya mabanda ya jiji hili peke yake. Kabla ya hapo, hesabu ya Nairobi ilikuwa ya Nairobi yote, Muthaiga ya matajiri na Korogocho ya mabanda zikipikwa kwenye sufuria moja. Kwa hesabu hiyo ya jumla, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa jijini, 62 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mashambani walikuwa 113. Kila mtu akaridhika kwamba mjini ndiko kuzuri. Mitaa ya mabanda ilipohesabiwa kando, ikapatikana 151. Mtoto aliyezaliwa katika jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini alikuwa na hatari ya kufa kumshinda mtoto wa kijiji ambako zahanati ni mwendo wa nusu siku.

Swali lile halikutoka kwa wakazi. Lilitoka kwa wasomi wenye kompyuta, na lilitenda kazi ambayo maandamano hayakuwa yameweza: lilifanya iwe aibu kusema "wastani wa Nairobi" mbele ya mtu anayejua. Kwa hiyo sidai kwamba kila swali lazima lizaliwe kwenye ploti. Nadai tu kwamba likishaingia kwenye ploti, watu wa pale wanakuwa na hisa ndani yake.

Na hisa hiyo hulipiwa. Tangu 2002 kituo hicho hicho kimekuwa kikifuatilia familia za Korogocho na Viwandani, kwa miaka mingi kikizitembelea kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea kifo, mhojaji alirudi baadaye kuuliza kilivyokuja, kwa sababu wengi walifia nyumbani bila daktari wa kuandika sababu. Alikohoa kwa wiki ngapi? Miguu ilivimba? Homa ilianza kabla ya kuhara au baadaye? Ni kwa majibu hayo ndipo tulipojua jinsi Ukimwi na kifua kikuu vilivyokuwa vikimaliza watu wazima huko, na nimonia na kuhara vikimaliza watoto. Anayetaja takwimu hizo kwenye hotuba anazitamka kwa sekunde tano. Mjane aliyezitoa alilazimika kuufufua ugonjwa wa mumewe siku kwa siku, mbele ya kijana mwenye karatasi, huku mtoto akilia na sufuria ikiungua.

Fomu ya idhini huwa na sentensi moja ambayo sijawahi kuisoma bila kushusha sauti: "Hakuna manufaa ya moja kwa moja utakayopata kwa kushiriki." Ni sentensi ya kweli na kamati ya maadili inaitaka iwepo. Lakini iweke kinywani mwa mgeni yeyote anayebisha hodi kwa mtu usikie ladha yake. Nimekuja kukuchukulia saa moja na nusu, nitakuuliza kuhusu hedhi, madeni na watoto uliozika, na sina cha kukupa. Weka sahihi hapa, na kama hujui kuandika, kidole kinatosha. Cha ajabu ni kwamba wengi wanakubali. Si kwa ajili ya sabuni au leso unayopewa ukimaliza. Wanakubali kwa sababu ya yule aliyekuleta.

Huyo aliyekuleta ndiye mtu asiyeandikwa. Kila mradi una mwenyeji wake: mzee wa kijiji, kijana wa kikundi cha kuzoa taka, au mhamasishaji wa afya ya jamii. Anatangulia mbele, anaita "hodi, Mama Brayo, hawa ni watu wangu," na mlango unafunguka. Mradi ukiisha, mimi narudi kwangu ng'ambo ya jiji. Yeye anabaki kununua nyanya kwa Mama Brayo, na ndiye anayeulizwa zile majibu zilienda wapi. Anakopesha uso wake kwa watu wasiorudi kuulipa. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya 100,000 nchini, wakapewa begi la vifaa na simu ya kuingizia takwimu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo malalamiko ya kuchelewa kwake hayajakoma. Watu hao sasa ndio uti wa mgongo wa takwimu za afya nchini, na pia ndio wanaotangulia mbele ya kila mradi wa chuo kikuu unaoingia mtaani. Kwenye makala za kisayansi hushukuriwa mwishoni, kwa jumla, kwa mstari mmoja.

Majengo, kule Pumwani, habari hii ni ya zamani. Tangu miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono pale wamekuwa wakitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi miaka nenda miaka rudi licha ya kukutana navyo kazini, na miili yao ikawa ndiyo tumaini la chanjo. Chanjo iliyotokana na fikra hiyo ilianza kujaribiwa Oxford mwaka 2000, kisha Nairobi. Haikufua dafu. Kabla ya hapo ulizuka mzozo wa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa sababu Waingereza walikuwa wameiandikisha bila majina ya wanasayansi wa Kenya. Gazeti kwa gazeti liliandika kwamba Wakenya wameibiwa, na maprofesa wetu walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini katika kelele zote zile za nani awekwe kwenye hataza, wanawake wa Majengo hawakuwa upande wowote wa meza. Ninachokiheshimu zaidi katika historia ile ni kazi ya Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, ambaye alianzia kwenye baraza: aliwakusanya wanawake, wakazungumza, wakachagua viongozi wao, na matumizi ya kondomu yakapanda. Hapo jibu lilikaa palepale lilipoulizwa.

Kwa upande wa pili wa mizani naweka maji ya Kayole-Soweto, mtaa mwingine wa maskini jijini. Kampuni ya maji ya jiji ilikuwa imeunganishia ploti za huko maji, kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na madeni yakarundikana. Watafiti wakapanga jaribio: kati ya ploti zilizokuwa na deni, baadhi zichaguliwe kwa bahati nasibu, zipewe onyo kali la kukatiwa, na zisipolipa zikatwe kweli, kisha zilinganishwe na zile zilizoachwa. Matokeo yalitoka 2020: waliotishiwa walilipa zaidi. Makala ilipofika Twitter mwezi Agosti mwaka huo, moto ukawaka. Watu waliuliza ni kamati gani iliyoruhusu maji ya maskini yawe sindano ya majaribio. Waandishi wakajibu kwa maelezo marefu: kukata maji kwa wasiolipa ilikuwa sera ya kampuni kabla yao, onyo lilitolewa, na hawakuona wapangaji wakidhurika kwa vipimo walivyotumia.

Nimesoma maelezo hayo mara mbili, na sidhani ni watu wabaya. Kampuni isiyolipwa haipeleki maji popote, na hilo nalo ni suala la afya. Lakini angalia jinsi jiji lilivyo. Anayedaiwa ni landilodi, ambaye pengine anaishi mtaa wa Umoja na ana bomba lake. Anayebeba mtungi kwenda kwa jirani, au kununua kwa mkokoteni, ni mpangaji, ambaye bili hakuwahi kuiona. Swali "tutafanyaje ili walipe?" ni la kampuni na la benki. Mpangaji angeulizwa angekuwa na swali jingine, nalo ni la kisayansi vilevile: kodi yangu ina maji ndani yake na nimeilipa, mbona deni linakuja kunitafuta mimi? Jaribio la kujibu swali hilo lingewezekana kabisa. Halikufanywa kwa sababu mwenye swali hakuwa mezani. Na mambo haya yote wakazi wengi waliyasikia kwenye simu, baada ya watu wa mabara mengine kuyasoma na kuyakasirikia kwa niaba yao.

Sasa turudi Mukuru. Wakati huohuo, umbali wa matatu mbili tu kutoka Kayole, watu walikuwa wakijihesabu wenyewe. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mabanda lililoanza 1996 likipambana na ubomoaji, lilikuwa limeshirikiana na vyuo vikuu kuchunguza gharama za maisha ya Mukuru. Walichokipata ndicho kila mama alikijua: maskini wa Mukuru hulipa maji kwa bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wa mabomba, na stima za kuungiwa na vijana wa mtaa nazo si za bure. Tofauti ni kwamba safari hii jambo alilolijua mama lilikuwa na risiti, ramani na hati za ardhi iliyotolewa kwa ajili ya viwanda ambavyo havikujengwa. Agosti 2017, kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani la kupangwa upya, familia zaidi ya 100,000 ndani yake. Watu wakajipanga nyumba kumikumi, kila kundi na msemaji wake, wakajadili barabara ipite wapi na upana wake uwe mita ngapi. Hilo la mita lilileta ugomvi hasa, kwa sababu kila mita ni chumba cha mtu. Lakini ulikuwa ugomvi wao, juu ya ramani waliyoichora wenyewe. Baadaye barabara za lami zikaingia, na hospitali zikajengwa.

Nisiipambe hadithi hii kupita kiasi. Katika kundi la nyumba kumi, sauti ya mwenye vibanda hushinda ya mpangaji, na anayeweza kukaa mkutanoni kwa saa tatu mchana si yule anayepanga foleni getini Viwandani kutafuta kibarua. Na matingatinga ya 2021 yalikuja pamoja na ramani zote zile. Kujihesabu si kinga ya kubomolewa. Ila waliobomolewa walikuwa na jambo moja ambalo wengine hawana: walijua nani alikuwa akiishi wapi, na hakuna ofisa aliyeweza kusema pale palikuwa kichaka.

Usicheke, imewahi kutokea. Hadi 2009, Kibera kwenye ramani nyingi ilikuwa doa tupu, hadi vijana wa humo walipozunguka na vifaa vya kupimia mahali wakachora vichochoro, visima na makanisa. Mwaka huohuo sensa ikasema Kibera ina watu 170,070, wakati miradi mingi ilikuwa ikiombea fedha kwa jina la milioni moja. Idadi ya watu nayo ina mwenyewe.

Ningekuwa na uwezo, ningeanzia kwenye bajeti, maana huko ndiko ukweli wa mradi ulipo. Nimeona bajeti zenye nauli ya ndege ya kongamano, ada ya jarida na hata keki ya uzinduzi, huku mrejesho kwa jamii ukiwekwa mwezi wa mwisho, wakati fedha zimeshakauka na gari limerudishwa. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, kinamtaka mtafiti aikabidhi tume ripoti ya mwisho. Sijaona kinachomtaka aikabidhi kwa ploti. Ningeuhamisha mrejesho ukae katikati ya mradi, kabla uchambuzi haujafungwa, na mwenyeji aliyetangulia mbele alipwe kwa siku za kurudi kama alivyolipwa kwa siku za kwenda. Wenzangu huniambia hilo litachafua data. Mimi nimeona likiisafisha.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, mwaka ule ule wa ile chaki. Kwa mara moja mkubwa wetu alikubali tupeleke matokeo ya awali kwa wenyewe. Tulibandika karatasi ukutani, michoro ya rangi, na mmoja wetu akasoma kwamba watu wazima wengi katika eneo lile hawana kazi. Mwanamke mmoja nyuma, bado amevaa aproni, akainua mkono. "Hiyo si kweli," akasema. "Mlikuja lini?" Tukamwambia: Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa kumi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wenye kazi walikuwa kazini. Tulikuwa tumehoji waliobaki na kuwaita ndio mtaa.

Mkubwa wetu aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, hakusema kitu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulirudi na mwenyeji wetu kwenye ile ploti yenye mlango wa namba nne. Kulikuwa na vyumba kumi na sita. Tuliwapata watu kwenye kumi na vinne. Shosho alitusogezea kigoda, akauliza mara hii tumesahau kuuliza nini.